Kamba Niliyoitundika Msalabani

Bwana asifiwe, nyinyi watu wake! Msiitikie kwa nguvu sana bado, maana ushuhuda nilionao leo baadhi yenu hamtaupenda.

Mimi ni Faustin, wengi mnaniita Papa Neema, dereva wa maboti hapa Kamembe. Miaka miwili iliyopita nilisimama mahali hapahapa nikawaambia kwamba ibilisi alitaka kumuua dada yangu Josiane ziwani, siku ya harusi yake, na kwamba alishindwa. Mkapiga makofi, mkaimba, mama mmoja akalia kwa furaha mpaka akashikiliwa. Ndugu zangu, ushuhuda ule ulikuwa na uongo ndani yake. Uongo huo niliuleta mimi, kwa kinywa hiki, nikiwa nimevaa suti hiihii. Leo nimekuja kuuondoa. Jana mzee mmoja wa kanisa alinishauri niyaache yaliyopita. Nilimheshimu, nikamsikiliza mpaka mwisho, na nikakataa.

Wakubwa mnakumbuka vita vya kwanza vya ng'ambo, kule Kongo. Asubuhi ile risasi ziliposikika Bukavu, watu walishuka hadi majini na magodoro vichwani. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa kuendesha boti ya mfanyabiashara mmoja, boti ndogo yenye injini kubwa aliyoinunua kwa ajili ya starehe, awatembeze wageni wake siku za mapumziko. Siku hiyo haikutembeza wageni. Nilivuka nikarudi, nikavuka nikarudi. Kila nikifika ufuko wa pili ilinibidi niruke kutoka kwenye kiti, niiname ubavuni, niwavute watoto kwa mikono.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi ambao hamjawahi kushika usukani wa boti. Kwenye injini ya mwendo kasi kuna kamba nyekundu, fupi. Ncha moja imebanwa kwenye kitufe cha kuzimia injini, ncha ya pili dereva anaifunga mkononi mwake. Dereva akianguka majini, kamba inachomoka na injini inazima palepale. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Lakini siku ile, kila niliporuka kumvuta mtoto kamba ilichomoka, na injini iliyozima mbele ya risasi ilikuwa kifo chetu sote. Basi nikaivua mkononi. Karibu na usukani nilikuwa nimegongomea msalaba mdogo wa mbao. Nikaitundika kamba pale, nikasema: Yesu, nishikie wewe.

Naye alishika! Hilo silifuti. Baadhi ya watu niliowavusha siku ile wameketi kwenye mabenchi haya, na watoto wao wanaimba kwaya.

Kosa langu halikuwa siku ile. Kosa lilikuja baadaye. Vita vile vilipita, vya pili navyo vikaja vikapoa, na kamba ikabaki msalabani. Hakuna aliyenifukuza tena, lakini niliendesha kama mtu anayefukuzwa. Boti ikienda polepole, moyo ulinidunda na mgongo ukanisisimka. Ikipaa juu ya maji, nilitulia. Watu wakadhani ni ufundi, nami nikakubali kuwa ni ufundi, kichwa kikavimba. Jumamosi na Jumapili niliwabeba watu waliotaka kufurahi, nikawakimbiza mpaka wakapiga mayowe, na mayowe yao nikayahesabu kuwa sifa. Majile ya kuokolea, yale yanayomwelesha mtu majini, yalikuwapo. Nilikuwa nimeyafungia ndani ya sanduku chini ya kiti ili yasichakae. Mtu akiyaulizia, nilimuuliza na mimi ni nani alishakufa mikononi mwangu.

Halafu tukaibuni ile desturi ya harusi. Mnaijua, msijifanye wageni. Baada ya ibada bibi harusi anaacha gari, anapanda boti bandarini, na kaka yake anamleta kwa maji hadi ufukweni, bwana harusi anaposubiri pamoja na wageni. Kabla ya kutua, boti lazima izunguke mara tatu mbele yao, mbio, maji yakiruka juu. Anayezunguka polepole anaambiwa familia yao haina kitu. Desturi hiyo hatukurithi kwa babu zetu, ndugu zangu. Babu zetu walivuka kwa mitumbwi, na walivuka wakiwa na adabu. Hii ni yetu sisi tuliopona, tuliotaka kila mtu aone kwamba tumepona.

Siku ikafika ya Josiane. Wengi mnajua kwamba tulibaki wawili tu, mimi na yeye. Wazazi wetu hawakuuvuka ule mwaka wa mauaji ya kimbari. Shangazi yetu alitulea kule Mururu kwa jembe na kwa maombi, na kwa desturi yeye ndiye aliyemsindikiza bibi harusi. Kwa hiyo ndani ya boti tulikuwa watatu: mimi, Josiane katika gauni lake jeupe, na Shangazi.

Shangazi alisimama bandarini, hakuweka mguu ndani.

"Mi sipande bila jile," akasema.

Nilicheka. Nikamweleza kwamba ni mwendo wa dakika tano, na kwamba jile litamharibia kitenge kipya, watu watamcheka. Alisimama tu. Nikafungua sanduku kwa hasira, akalivaa juu ya kitenge, kisha akaketi sakafuni kabisa, maana aliogopa maji tangu utoto wake. Kutoka pale chini akauona msalaba na kile kilichoning'inia juu yake.

"Na hii kamba nyekundu iko ya kazi gani?"

"Ya kuzima moteri, Shangazi. Ukivuta, inazima. Lakini leo chofere ni Yesu, si mimi."

Shangazi hakucheka. Josiane ndiye aliyecheka, kwa sababu alinipenda, na kwa sababu aliamini kwamba kaka yake hawezi kumpeleka pabaya. Yeye sikumpa jile. Sikumpa! Sikutaka gauni lifunikwe.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Ufukweni ngoma zililia, vigelegele vikaja mpaka kwetu juu ya maji. Nikamwambia Josiane asimame ili shela ipepee na wageni wamwone. Akasimama. Nikakata kona ya mzunguko wa pili bila kupunguza mwendo, na pale tukakutana na wimbi.

Miaka miwili iliyopita niliwaambia wimbi lile lilitoka kwa ibilisi. Ndugu zangu, wimbi lile nililitengeneza mimi! Ni mkia wa boti yangu mwenyewe, niliouacha nyuma katika mzunguko wa kwanza. Nilizunguka nikauingia kwa kasi yote, boti ikaruka, na mimi na dada yangu tukatupwa nje.

Nilipoibuka, niliisikia injini. Ilikuwa ikinguruma vilevile. Sikuwa kwenye kiti, lakini haikujua kwamba sipo, kwa sababu niliyemkabidhi kamba alikuwa kipande cha mbao. Usukani ulijikunja wenyewe, na boti ikaanza kuzunguka. Ikapita kati yangu na Josiane. Gauni lilikuwa limejaa maji, linamvuta chini, na mikono yake ilikuwa inapiga juu.

Na ufukweni, ndugu zangu, wageni walikuwa wanashangilia. Boti inazunguka, si ndivyo inavyotakiwa? Walihesabu mizunguko! Wengine mko humu ndani. Siwalaumu, mliona mlichofundishwa kukiona.

Boti ikarudi. Safari hii haikupita kati yetu. Niliona gauni likivutwa, nikaona maji yakibadilika rangi. Niliogelea, na kila nilipokuwa nakaribia, mawimbi yalinirudisha. Boti ikakunja tena, ikawa inakuja mara ya tatu, pua yake imeelekea kichwani kwa dada yangu, na mimi nilikuwa mbali kuliko boti. Nikaita jina la Yesu. Sikuomba vizuri, niliita tu.

Injini ikazima.

Shangazi hakutupwa, kwa kuwa alikuwa ameketi sakafuni. Alitambaa kwa magoti, mwanamke anayeogopa maji, akaifikia ile kamba aliyoiulizia bandarini, akaivuta kwa mikono miwili mpaka ikachomoka pamoja na msalaba. Boti ikaja polepole kwa nguvu iliyobaki, ikasimama umbali wa mkono mmoja kutoka uso wa Josiane. Shangazi akavua jile lake akamtupia. Ufukweni ngoma zilikuwa bado zinapigwa.

Josiane alikaa hospitalini miezi. Mguu wa kushoto haukurudi kama ulivyokuwa, mnamwona na fimbo yake. Mume wake Innocent amemtunza vizuri, nampa heshima mbele yenu wote.

Nami nilifanya nini? Nilikuja hapa nikamsingizia shetani. Mwenye boti alifurahi. Nyinyi mlifurahi. Josiane peke yake hakufurahi. Tulipofika nyumbani aliniambia maneno machache tu juu ya ule usukani, na tangu siku hiyo hakuyarudia:

"Kaka, shetani hakushika volani. Ni weye ulishikaka."

Nilimkasirikia. Nilisema uchungu wa mguu ndio unaomfanya aseme hivyo. Nikaendelea na mbio zangu, na ule msalaba nikaugongomea tena mahali pake, na kamba juu yake.

Mwezi uliopita nilikuwa bandarini nikaiona boti mpya inayowatembeza watu wa mapumziko. Ilikuwa imejaa familia, watoto hawana majile. Nikatazama mbele ya usukani. Kulikuwa na msalaba mdogo wa mbao, na kamba nyekundu imetundikwa. Nikatazama boti ya jirani yake, vilevile. Na ya tatu, vilevile. Nikamuuliza dereva nani amemwonyesha jambo hilo.

"Si ni weye, Papa Neema? Ulishuhudia kanisani. Yesu alibaponesha benyewe, na siye atatuponesha."

Alimaanisha kwamba Yesu aliyetuponya sisi atawaponya na wao. Nilidhani nimeficha aibu yangu, kumbe nimeifundisha bandari nzima! Nilipiga magoti palepale kwenye mbao za gati, watu wakipita na mizigo yao, nikamwambia Mungu ukweli wote, kuanzia risasi mpaka gauni. Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipofunguliwa. Kitu kilichokuwa kikinikimbiza tangu asubuhi ile ya vita kiliniacha. Jioni hiyo niliendesha boti kwa mwendo wa mtu anayetembea, na moyo wangu ulitulia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu vita!

Niliwaendea wale madereva watatu, nikawaambia waifunge kamba mikononi. Mmoja alikubali. Mmoja alinisukuma. Wa tatu alisema imani yangu imepungua, na habari hiyo imefika hata hapa kanisani, nimeisikia. Sawa. Niiteni mtu wa imani ndogo, nitaitika. Mwenye boti amenifukuza kazi kwa sababu nilikataa kuzungusha maharusi, naye nimemshukuru. Juzi, tulipokuwa tunakwenda kisiwa cha Nkombo kuhubiri kwa boti ya kuazima, mtumishi mmoja alikataa jile, akasema mtu wa Mungu havai gunia. Nikazima injini. Tulikaa gatini jua likituchoma, yeye ananitazama na mimi namtazama, mpaka akalivaa. Tulichelewa kufika, na tukafika wote.

Msinielewe vibaya. Yesu anaokoa! Mimi ni wake na sitamwacha. Lakini Yesu aliniokoa kwa kamba ileile niliyomtupia ili nisiifunge mimi. Aliniokoa kwa mama aliyekuwa na woga wa kutosha kuuliza swali. Mikono aliniumbia yeye, na kamba ina kipimo cha mkono wa mtu. Nani aliwaambia ni sifa kwake tukimwachia kazi tunayoiweza?

Namshukuru Mungu kwa uhai wa dada yangu. Namshukuru kwa Shangazi, yule pale mstari wa pili, msimpigie makofi, hapendi. Na wewe uliyebeba hofu ya zamani ukaiita ujasiri, njoo kwa Bwana leo. Mpe ile hofu, ataipokea. Usukani ushike mwenyewe, na uushike polepole.

Tukitoka hapa nashuka bandarini. Nimeazima boti ndogo, ina majile saba, na watapanda watu saba. Wa nane atamsifu Bwana akiwa nchi kavu, hata awe nani. Josiane amekubali kupanda, kwa mara ya kwanza tangu harusi yake. Ameniwekea sharti moja: kamba ataifunga yeye kwenye mkono wangu, fundo lake mwenyewe, na ataifunga mbele ya kanisa, pale niliposemea uongo.

Msalaba nimeutundika ukutani nyumbani. Kamba ni hii hapa. Mkono ni huu.

Dada, njoo ufunge.