Mayai ya Kuku Huru

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, mama mmoja mfugaji alikuwa akimshawishi mzee aliyepakata trei ya mayai. "Jiunge na ushirika wetu, mzee wangu. Hoteli inalipa mara mbili kwa mayai ya kuku wanaotembea huru."

"Wangu wanatembea hasa, mwanangu. Kila asubuhi wanakwenda kula mchicha wa jirani."

"Basi umeshafuzu. Bado saini tu ya mwanachama anayekufahamu."

Mzee akakohoa. "Kule kwetu mwanachama ni huyo huyo jirani. Anataka niwafungie."

"Ukiwafungia, hoteli haitayataka mayai."

"Nisipowafungia, hatasaini."

Basi likasimama sokoni. Mzee akashuka na trei yake, na dalali akampokea kwa bashasha ya mtu asiyehitaji saini ya yeyote.