Mama Gereza, Binti wa Fundi Cherehani

Mama yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 12 Machi 1953, mtoto pekee wa fundi cherehani na mkunga. Wakati huo baba yake alikuwa ameshafungwa na serikali ya kikoloni katika gereza la mlimani, kwa kosa la kuwaficha wapigania uhuru katika chumba chake cha kushonea. Aliachiwa mwaka 1958. Siku ya tatu tangu arudi nyumbani, binti yake alimnong'oneza mama yake, "Mama, huyu mgeni ataondoka lini?" Babu yetu alisikia, akacheka mpaka akakohoa. Lakini habari za gerezani hakuzigusa.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1960, akamaliza sekondari mwaka 1971, kisha akasomea upigaji chapa na kuajiriwa katika ofisi ya ardhi.

Mwaka 1977 gereza lile lilifanywa makumbusho ya harakati za uhuru. Aliacha taipu yake, akaomba kazi ya kuwatembeza wageni. Babu alimshonea sketi mbili za bluu za kuvaa kazini. Marehemu alizungumza kwa sauti ya chini, hata watoto wa shule wakanyamaza wenyewe ili wamsikie. Mji mzima ukamwita Mama Gereza. Miaka ya baadaye, kaka yetu alipoulizwa akiwa darasa la kwanza mama yake yuko wapi, alijibu, "Yuko gerezani." Mwalimu alimkumbatia, akampa na chai yake.

Alifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1980 na dereva wa basi lililoleta wanafunzi. Madereva wengine walisinzia vitini, yeye akaingia na kila kundi. "Nilimshtukia kwa sababu alikuwa anacheka kabla sijamaliza utani," mama alituambia. Baba naye alikuwa na lake: "Nilienda kuangalia gereza, nikapewa kifungo cha maisha."

Kwa miaka mingi marehemu alimbembeleza babu apande mlimani. Babu hakukosa kisingizio: mara goti, mara mvua, mara nguo ya mteja. Kisha Jumatatu moja ya mwaka 1989, siku isiyo ya wageni, alitokea getini mwenyewe, amevaa suti. Walikwenda hadi seli yake. Akaingia, akakaa sakafuni.

"Funga mlango, mwanangu."

"Baba, siwezi."

"Zamani nilifungiwa na mtu asiyenijua. Wewe funga."

Alifunga, akasimama nje ameegemeza paji la uso ukutani. Babu alipogonga, mama alimfungulia, akamkuta analia. Kabla ya hapo hakuwahi kumwona baba yake akilia.

"Humu ndani nilikuwa nawaza una sura gani," babu alimwambia. "Niliambiwa tu nimepata binti. Nikakutengenezea sura kichwani mwangu, nikaizoea. Nilipotoka nikakuta hufanani nayo hata kidogo. Wewe uliniona mgeni, na mimi pia nilikuona mgeni."

Walishuka mlima wameshikana mikono. Tangu siku hiyo babu alimsimulia habari za gerezani kila aliyemuuliza, hadi alipofariki mwaka 1996. Lakini kisa cha siku ile mama hakuwahi kuwaambia wageni. "Hicho ni chetu," alisema. Ni mwaka huu tu, akiwa kitandani, alipoturuhusu tukisome mbele yenu.

Alistaafu mwaka 2013. Mwaka 2021 alipatwa na kiharusi kilichoulegeza upande wake wa kulia. Baba alijifunza kumsuka nywele, vibaya mwanzoni, na mama hakuficha: "Nitoe nje hivi, watu watasema umenipiga." Alifariki nyumbani, Jumapili asubuhi tarehe 2 Juni 2024, baba akiwa anamchana.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na kitukuu wa wiki sita ambaye mama alidai apewe ambebe peke yake, kwa mkono wake mmoja mzima. Akapewa, wala hakumwangusha.

Mola ampokee mama yetu, na usingizi wake uwe mtulivu.