Nafasi ya Bi Sinahabari

Ndugu waombolezaji, familia imenikabidhi mimi, kifungua mimba wa marehemu, niwasomee safari ya baba yetu, na kwa kuwa machozi yangu yako karibu, mnivumilie.

Baba alizaliwa tarehe 3 Machi 1938, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tano wa seremala, akasoma shule ya msingi tangu 1946 hadi 1953, akafukuzwa mara mbili kwa kuigiza sauti ya mwalimu mkuu, mara ya pili mwalimu mkuu mwenyewe akiwa amesimama mlangoni.

Tarehe 1 Juni 1960 aliajiriwa redioni kama tarishi, mwaka uliofuata mwigizaji mmoja wa kipindi cha vichekesho akaugua, baba akasukumwa mbele ya maikrofoni, ndipo mkamjua kama Bwana Lawama, mume wa kulalamika hata kwamba chumvi ina chumvi, na aliyemjibu kila Jumamosi jioni, Bi Sinahabari, ndiye mama yetu, aliyefunga naye ndoa tarehe 14 Agosti 1964, wakajaliwa watoto watatu.

Mama alifariki tarehe 9 Novemba 1973. Baba aliporudi kazini, kwa kuwa kanda zilikuwa adimu na desturi yao ilikuwa kurekodi juu ya kipindi kilichokwisha kurushwa, alichukua ukanda wa juu rafuni kama siku zote, akarekodi, na alipomaliza ndipo akaona mwandiko wa mama kwenye boksi, nao ndio uliokuwa wa mwisho wenye sauti yake.

Kuanzia ukanda huo aliigiza peke yake, akilalamika, kisha akinyamaza pale ambapo mama angejibu, fundi mitambo alipotaka kuukata ukimya ule akamkatalia katakata, na wasikilizaji wakaandika barua kwamba Bi Sinahabari amewavunja mbavu, wakanukuu hadi majibu yake. Nilikuwa na miaka minane, na sifichi, niliogopa, maana hata mezani baba alinyamaza vivyo hivyo, kisha akacheka.

Alistaafu mwaka 1993, moyo ukaanza kumsumbua Januari 2009, na tarehe 22 Oktoba 2011, saa kumi alasiri, aliulalamikia mto wa hospitali kuwa mgumu, akanyamaza, akatabasamu, hakuendelea tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wafanyakazi wenzake, hasa fundi mitambo wake, mzee wetu aliyeketi pale mbele, aliyeutunza ukanda ule wenye mwandiko wa mama hadi leo. Tutaupiga sasa, na sauti ya baba ikikatika, tafadhali msikohoe, mashine haijaharibika.

Pumzika kwa amani, baba, zamu ya kujibu ni ya mama.