Mzee Ngumbao na Bafu Lililosafiri Bure

Mzee Ngumbao wa Ruwa, mnyapara wa wapagazi wa ofisi yetu ya Likoni, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 30 Desemba 1949, baada ya kuitumikia serikali miaka ishirini na minane na miezi miwili. Walioniambia niandike mimi wamesema ni kwa kuwa nimefua vitu vya safari tangu 1936. Nitakayoyasahau, mzee wetu anisamehe.

Aliingia kazini mpagazi wa kawaida, kijana wa Bofu mwenye shingo nene. Mzigo wake wa kwanza ulikuwa kitanda cha kukunja cha bwana mkubwa. Kitanda kikamfungukia kichwani njiani, naye akaona haya kusimama, basi akaingia Tiwi nacho hivyo hivyo, miguu yote minne iko juu na watoto wanamfuata wakidhani ni ngoma. Baada ya miaka sita alifanywa mnyapara, na tangu hapo hakuna kitanda kilichofunguka njiani.

Wageni kazini hawajui safari za zamani zilivyokuwa. Bwana mkubwa akienda kukagua vijiji kwa siku nne, mizigo ilikuwa thelathini na mmoja. Hema, meza, viti sita kwa mtu mmoja, masanduku ya soda, santuri, bafu la bati, na kuku hai ndani ya tenga. Kuku mmoja alikwenda na kurudi mara tatu bila kuchinjwa, tukamwita Mkaguzi.

Safari ikirudi, kazi ilikuwa yetu sisi wanawake watatu, Nyamvula, Mwanatabu na mimi Kafedha. Tulichota maji kisimani, tukaosha kila kitu, tukaanika. Mzee Ngumbao alituona tunavyoinama, akaanza kutia alama ya chaki kwenye kila kitu kilichorudi bila kuguswa, ili tusikioshe bure. Hakuagizwa na mtu. Kitu kikirudi tena hakikuguswa, alama ya pili hukaa kando ya ile ya kwanza.

Mwaka wa 1943, vita vimepamba moto na mahindi yanauzwa kwa kipimo, ilikuja barua kwamba matumizi ya serikali yapunguzwe. Karani wetu, Bwana Ghanim, alitusomea kwa sauti ya chini: wafuaji watatu watolewe mwisho wa mwezi. Safari za wakubwa hazikutajwa. Mimi nilikuwa na watoto wanne na baba yao keshafariki. Sikulia pale, nikaketi chini.

Mzee Ngumbao akasema atazungumza na bwana mkubwa. Watu wakaogopa, maana mnyapara aliyemtangulia alifukuzwa kwa kujibu tu.

"Wallahi, Mzee, wewe una hamu ya kwenda kulima mihogo kabla ya wakati," Bwana Ghanim alimwambia.

"Mihogo nishapanda, bwana karani. Kafedha huyu watoto wake watakula barua?"

Asubuhi ya safari iliyofuata akaipanga mizigo yote uani, alama za chaki zikitazama barazani. Bwana mkubwa akatoka, akauliza kwa Kiswahili chake kile cha kukatakata, alama hizi ni za nini. Mzee akamweleza: kila alama ni safari moja ambayo kitu kimebebwa kwenda na kurudi, hakikutumika. Viti vitano, alama tisa. Santuri, alama saba. Akafika kwenye bafu.

"Na hili, bwana, safari kumi na moja halijatiwa maji."

Hapo ndipo alipotambua alichosema, mbele ya watu wote, juu ya bwana mkubwa na kuoga. Nyamvula akajifunika uso kwa leso. Bwana mkubwa akawa mwekundu mpaka masikioni, nami nikajua tumekwisha, sisi na mzee pamoja. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo. Akasema yeye huoga baharini, na mzee asije akamwambia mke wa bwana vingine.

Safari ile ilitoka na mizigo kumi na miwili. Wapagazi hawakulalamika, vijana walikuwa wanataka kazi ya bandarini Kilindini kuliko kubeba viti visivyokaliwa. Ujira wa wapagazi uliookolewa ukatosha kutulipa, na majina yetu matatu yakabaki. Wanangu wanne wote wako hai, mkubwa sasa ni fundi seremala Changamwe.

Tangu gari lije, wapagazi ni wachache, lakini mpaka jana mkubwa yeyote akitaka kusafiri, mzee ndiye aliyeulizwa kipi kiende na kipi kibaki.

Mzee Ngumbao, ofisi inakushukuru. Mimi ninakuomba ule vizuri, usilale na shati bichi, na mgongo ukikuuma usingoje wiki nzima ndipo useme. Mungu akupe siku nyingi, nazo ziwe nyepesi.

Tumesikia ofisi ilitaka kukupa lori lipeleke vitu vyako Bofu, nawe ukakataa, ukasema petroli ya serikali si ya kupeleka vyungu vya mzee. Haya, lori halitakuja. Kesho alfajiri tutakuwa mlangoni kwako, Nyamvula, Mwanatabu na mimi, kata zetu za kubebea mizigo kichwani. Wewe utatangulia mikono mitupu.

Kafedha wa Fondo, mfuaji