Bi Sharifa na Miti Thelathini na Moja Inayolala

Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025, Bi Sharifa Shechambo anastaafu baada ya kutumikia Kituo cha Majaribio ya Miti Kwelongo, hapa Lushoto, kwa miaka thelathini na saba kamili. Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1988. Nimepiga hesabu: ni siku 13,514. Naandika haya mapema, yachapwe kwenye jarida letu, kwa sababu nazijua sherehe zetu. Mstaafu hupewa dakika tano za mwisho wa ratiba, anasimama mtu anasema "mama yetu alikuwa mchapakazi", watu wanapiga makofi, soda zinafunguliwa, na miaka thelathini na saba imekwisha hivyo. Kwa Bi Sharifa, hapana. Safari hii tutasema yote.

Ni mzaliwa wa Bungu, upande wa Korogwe, na Lushoto alikuja kwa kuolewa. Elimu yake ni darasa la saba. Alianza kama kibarua wa kuchota maji ya kitalu, ndoo arobaini kwa siku, kutoka kijitoni hadi juu, na anayekijua kilima kile anajua ninachosema. Mwaka 1990 kilifika kifurushi kutoka Amerika ya Kaskazini: mbegu za mti uitwao lachi, na vijiti vya popla vilivyofungwa kwenye nguo mbichi. Wenye vyeo walitaka kuona kama miti ya nchi ya theluji inaweza kuishi kwenye milima ya Usambara. Kazi ya kuiangalia ilitafuta mtu. Wote walikuwa na shughuli. Akapewa mchota maji.

Ndani ya kifurushi kulikuwa na karatasi ya kurasa mbili kwa Kiingereza. Mzee Timotheo, mtunza stoo wa enzi hizo, Mungu amrehemu, alimsomea kwa Kiswahili zaidi ya mara kumi, mpaka Bi Sharifa akaishika kichwani. Hadi leo ukimuuliza anakueleza misitu ya kule kana kwamba ni shamba la shangazi yake. Mwezi wa Mei, theluji ikishayeyuka, lachi huchipua sindano laini, kijani cha mchicha mchanga. Popla naye hufungua vitumba vyenye gundi inayonukia. Juni popla hupeperusha mbegu zenye pamba, njia zote zikawa nyeupe. Septemba majani ya popla hugeuka manjano, na Oktoba lachi anafuata, msitu mzima rangi ya ndizi mbivu. Novemba yote imepukutika, miti imesimama uchi, na inalala hivyo miezi sita chini ya baridi ambayo sisi tungekufa siku ya kwanza.

Hapo kwenye kulala ndipo penye habari yetu. Lachi ni ndugu wa paina. Ukiutazama unasema ni paina. Na sote hapa milimani tunajua paina na saipresi ni kijani Januari hadi Desemba. Ukiikuta haina jani hata moja, imekufa, lete shoka. Lachi haijui sheria hiyo. Inapukutisha kila kitu, inabaki kama fagio lililochakaa, na ndani ni nzima.

Bi Sharifa mwenyewe hakujua mwanzoni, ingawa karatasi ilisema. Julai ya mwaka 1991, katikati ya kipupwe, alikuta miche kumi na minne imekauka kabisa. Akaing'oa yote na kuitupa kwenye lundo la takataka ili ichomwe. Alipoinama kuokota mmoja ndipo alipoona ncha za mizizi: nyeupe, zenye maji, zilizo hai. Alijaribu kuirudisha udongoni. Haikushika hata mmoja. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyehesabu miche zaidi yake. Alikwenda ofisini, akasalimia, akasema, "Nimeua miche kumi na minne iliyokuwa imelala." Nasikia walimcheka wiki nzima. "Sharifa, kesho usije ukamzika mlinzi." Lakini tangu siku hiyo alinunua daftari lake mwenyewe, akaupa kila mti namba, na akaanza kuandika: tarehe ya kugeuka manjano, tarehe ya jani la mwisho, tarehe ya jani la kwanza. Madaftari hayo leo ni kumi na tisa.

Kati ya miche mia mbili ya lachi, iliyovuka ikawa miti ni thelathini na moja. Iko kipande cha tisa cha shamba, juu kabisa, pale ukungu unapokaa hadi saa nne asubuhi. Popla hamsini na nane ziko bondeni, kando ya kijito. Wamama wa kuchuma kabichi wanaziita miti ya umbea, kwa sababu jani la popla linatikisika na kusema hata pasipo upepo.

Sasa, madaftari yale yalionyesha jambo lililowashinda wasomi. Kule kaskazini miti yote hulala pamoja, kwa sababu siku za kipupwe chao hufupika sana na mti unasoma saa kwenye jua. Hapa Lushoto siku ndefu kuliko zote inaizidi fupi kwa nusu saa hivi. Mti wa watu utasoma nini? Basi kila lachi ilijitungia kalenda. Mti wa tano umelala, wa sita unavaa manjano, wa saba uko kijani kama hausikii. Wengi hulala kati ya Juni na Agosti, lakini si wote, na si kwa tarehe moja. Wastani wa usingizi ni siku 74. Namba 22, mvivu wao, aliwahi kulala siku 103.

Msimamizi mmoja wa wakati huo alimwambia tarehe zake haziwezekani, miti ya kipande kimoja haiwezi kutofautiana hivyo, azisawazishe ziendane. Bi Sharifa akamjibu, "Shikamoo bwana. Nikizisawazisha zitakuwa zako. Hizi ni za miti." Alikuwa na umri sawa na yule bwana, shikamoo ile ilikuwa ya makusudi. Miaka kadhaa baadaye tarehe zilezile zilitoka kwenye ripoti yenye majina matatu juu. Lake halikuwemo. Yeye aliingia ukurasa wa mwisho, ndani ya maneno "wahudumu wa shamba". Na ilipopatikana nafasi ya mtu mmoja kwenda kuiona misitu yenyewe huko Amerika, alikwenda bwana wa ofisini aliyekuwa na miezi minne kituoni. Alirudi na kofia na picha za theluji. Bi Sharifa alimuuliza swali moja tu: kule, anayetangulia kupukutika ni lachi au popla? Bwana akasema hakuangalia sana. Mimi nilikuwepo. Hajawahi kulalamika juu ya hilo, kwa hiyo nalalamika mimi kwa niaba yake, na naomba mhariri asilifute.

Mafanikio mengine nitayapitia haraka. Ni yeye aliyegundua kwamba kijiti cha popla kikikatwa mti ukiwa umelala kinashika mizizi, na ukiwa na majani kinaoza. Kwa elimu hiyo, baada ya kingo za kijito kubomoka, wakulima wa bondeni walipanda vijiti 640. Vilivyo hai leo ni 511, nimevihesabu mwenyewe, na kingo zimetulia. Vilevile amefundisha vibarua kumi na wanne kupima miti, nami nikiwemo, niliyeletwa hapa mwaka 2003 kufyeka majani. Alinikabidhi kamba ya kupimia akaniambia, "Namba usiipende wala usiichukie, mwanangu. Iandike."

Lakini kazi yake kubwa ni ya mwaka 2019.

Jumatano ya tarehe 10 Julai mwaka huo walikuja watathmini watatu kutoka nje. Walikaa kipande cha tisa dakika ishirini na tano, ukungu ukiwa umeshika. Waliandika: miti 28 imekufa, 3 inakufa. Ile mitatu ilikuwa imegeuka manjano. Wakaipiga miti yote msalaba wa rangi nyekundu, na amri ikatoka kwamba ndani ya siku kumi na nne iangushwe, ipandwe paina. Bi Sharifa siku hiyo alikuwa bondeni kwenye popla. Alipopanda juu alikuta rangi haijakauka. Miaka ishirini na tisa ya maisha yake, yote imepigwa msalaba.

Alikwenda ofisini na madaftari. Akajibiwa, "Mama, mti wa jamii ya paina usio na majani ni kuni." Akakwangua gome kwa ukucha kwenye tawi alilobeba, akaonyesha kijani chini yake. Akaambiwa ukucha si kipimo.

Siku mbili baadaye ilikuwa Ijumaa. Wenyeji mnajua, kwetu Jumanne na Ijumaa ni siku za kuni. Wanawake wa jirani wanaruhusiwa kuingia kuchukua miti mikavu, na alama nyekundu maana yake ni ruhusa. Walikuja ishirini na wawili, na kamba na mapanga, wamefurahi, maana kuni za karibu vile hazijaonekana miaka. Walimkuta Bi Sharifa amekaa chini ya mti namba moja.

"Sharifa, unatunyima kuni za mti uliokufa?" akauliza Halima, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Haujakufa. Umelala."

"Wa kwangu naye hulala hivyo tangu harusi, mbona hawajaja kumpiga rangi?"

Walicheka mpaka mapanga yakaanguka. Kisha Bi Sharifa akasema neno moja, na hapa ndipo naona akili yake. Hakuwaomba wamhurumie. Aliwaambia, "Nyinyi mnazijua kuni kuliko mimi. Vunjeni tawi wenyewe. Likilia kavu, chukueni kipande chote."

Mwanamke wa Usambara hujifunza kuchagua kuni kabla hajajua kusoma. Tawi likikatika kwa mlio mmoja ni kuni. Likijikunja na kuacha nyuzi, ni moshi na machozi jikoni. Walitawanyika mti kwa mti. Halima alilikunja la kwanza, halikukatika. Akalinusa, akalilamba, akatema. "Hili lina maji. Nani huyo kasema hizi ni kuni? Mama yake alipikia nini?" Walipita miti yote thelathini na moja. Hakuna hata mmoja aliyebeba kijiti. Bi Sharifa akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika mti kwa mti walichokiona, na wote ishirini na wawili wakaweka sahihi. Saba waliweka dole gumba.

Karatasi hiyo ilifika ofisini siku hiyohiyo, wanawake wakiwa nyuma yake na kamba tupu mabegani. Mkuu wa wakati ule alisema wachukua kuni si wataalamu. Lakini alikuwa anawaona dirishani, na hawakuonekana kama watu wanaoondoka. Akamuuliza Bi Sharifa anataka nini.

Akasema, "Mti namba kumi na saba haujawahi kulala kupita tarehe 20 Agosti, mwaka hata mmoja, tangu nianze kuandika. Ngojeni mpaka hapo. Ukipita bila jani, nitashika msumeno mimi mwenyewe."

Namba kumi na saba iliamka Ijumaa, tarehe 16 Agosti 2019. Chipukizi nne, kila moja ndogo kuliko punje ya mtama. Kufikia mwisho wa Septemba miti 31 kati ya 31 ilikuwa na majani. Hakuna aliyekuja kuomba radhi. Rangi nyekundu alikwangua mwenyewe, kwa brashi ya kusugulia sufuria, siku nne.

Ila kuna jambo wengi wetu hatukulijua. Amri ile haikufutwa. Kwenye jalada iliandikwa "imeahirishwa", basi. Kwa miaka sita, kila kipupwe, miti ikishavua nguo, Bi Sharifa alikuwa akienda kazini akijua kuwa yeyote mwenye kalamu anaweza kulifungua jalada, kutazama dirishani, na kuimaliza kazi. Ndiyo maana hakuwahi kuchukua likizo Julai. Tulidhani anapenda baridi.

Mwezi uliopita kamati ya kumuaga ilimuuliza angependa zawadi gani. Tulikuwa tumeshakubaliana makochi. Akasema, "Makochi mtanipa mkipenda. Mimi nataka ile barua." Katibu akadhani anataka barua ya shukrani, akaanza kuiandika. Bi Sharifa akamrekebisha taratibu: barua ya msumeno, ya mwaka 2019, aione imekufa kabla hajatoka getini.

Mkuu wetu wa sasa, Bi Evelina, alilitafuta jalada kwa siku tisa. Jumatatu iliyopita alipanda kipande cha tisa na madaftari kumi na tisa mikononi, Bi Sharifa akiwa pembeni yake. Alitembea mti kwa mti kwa saa mbili na nusu. Miti ishirini na sita ilikuwa uchi kabisa. Hakuuliza hata mara moja kama imekufa; aliuliza kila mmoja utaamka lini. Aliposhuka aliandika juu ya ile amri neno "IMEFUTWA", akatia sahihi na mhuri, na chini yake akaagiza kwamba kipande hicho kisikaguliwe tena bila daftari la Bi Sharifa Shechambo, kwa jina lake lote.

Bi Sharifa, tunakushukuru. Wafanyakazi wote sitini na watatu wa Kwelongo wanakuombea afya, mgongo usiouma, na usingizi wa kutosha Julai zote zilizobaki. Nenda nyumbani kwa raha. Miti yako thelathini na moja iko hai, na hakuna karatasi yoyote katika ofisi hii inayosema vinginevyo.

Hezekia Mbelwa
Mpimaji miti