Ndengu kwa Jina Lingine

Tulikuwa hatujafika Wamunyu, lakini mzee Musyimi, mkulima wa Nuu aliyejitambulisha kwa basi zima, alikuwa ameshaiunganisha Afrika Mashariki. "Rais mmoja, pesa moja, mipaka itoke!"

"Mimi nilishaungana na Watanzania, mzee," akasema jirani yake wa kiti, Mama Bushra, muuza nafaka wa Kwa Vonza. "Niliagiza ndengu kwa mtu wa Arusha. Akaniletea dengu, zile kubwa za njano. Kumbe hizi zetu za kijani wao huita choroko. Tuligombana, na wote tunaongea Kiswahili."

"Alikuibia?"

"Hapana. Alileta kile alisikia."

Mzee akakuna kidevu. "Sasa choroko zao zikijaa huku, zangu atanunua nani?"

Muungano ulikuwa umeanza kupata masharti.

"Na mvua ikikosa Nuu, mimi nitauza nini?" akauliza Mama Bushra.

Basi likasimama Kwa Vonza. Mama Bushra akashuka, akauliza dirishani: "Na kwenye hiyo serikali yako moja, hizi za kijani tutaziita nini?"

"Ndengu!" mzee akasema papo hapo.

Kisha, akidhani hakuna anayemsikia, akalijaribu lile jina lingine polepole mdomoni: "Cho-ro-ko."