Siku Niliyoachia Kitufe

Kwanza tuliisikia. Mngurumo mzito ulipita majini, ukapanda kwenye mbao za boti hadi nyayoni mwangu, kabla sijaona kitu chochote. Jua lilikuwa limetoka kuzama nyuma ya milima ya ng'ambo, na ziwa lilikuwa jeusi.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipandisha hapa Mbinga, penye baridi hii. Ninyi ni watu wa kahawa, wengine hamjakanyaga hata mtumbwi. Nitasimulia polepole. Asiyenielewa anyooshe mkono.

Nilikuwa dereva wa boti ya kijiji chetu cha ujamaa, kule ufukweni. Ilikuwa hiyo moja tu. Ndiyo iliyobeba mahindi ya shamba la pamoja, ndiyo iliyopeleka wagonjwa hospitali. Tulipewa ikiwa na taa tatu: nyekundu upande wa kushoto, kijani upande wa kulia, nyeupe nyuma. Tena ilikuwa na simu ya upepo, ya kuongea na meli na kituo cha bandarini.

Taa za rangi nilizivua. Sikilizeni ujinga wangu, nisiwafiche. Kwetu taa tunaijua kwa kuvulia usipa, dagaa wa ziwa letu. Unatundika karabai, usipa wanakuja, unachota. Taa ni ya kuita au ya kumulika. Hizi za rangi haziiti wala hazimuliki, nikaona ni mapambo ya arusi. Nikazifungia nyumbani, mbele ya boti nikatundika karabai. Watu wakanisifu: "Dereva, leo tunasafiri mchana!"

Jioni ile nilikuwa na abiria tisa na magunia ya mahindi. Mngurumo ule ulikuwa wa meli. Nahodha wake aliona mwanga mweupe mmoja, akajua ni mvuvi wa usipa, ametulia na wavu wake. Akageuza ampishe. Alikogeuzia ndiko nilikokuwa nakwenda. Nami sikumwona, maana karabai yangu mwenyewe ilinijaa machoni.

Nikashika simu ya upepo, nikabonyeza kitufe, nikapiga kelele. "Meli! Meli! Sisi hapa! Mnatuua!"

Bibi mmoja, abiria, akaniuliza, "Mwanangu, mbona hao hawajibu?"

"Nyamaza, bibi, naongea!"

Nikazidi kubonyeza. Kidole kilikuwa kimekauka pale pale.

Meli ikatupiga nyuma. Kamba zikashushwa, na kwa rehema za Mungu watu wote kumi tukapandishwa. Boti ikazama na mahindi ya kijiji kizima.

Hakuna aliyenitukana. Hilo ndilo lililonishinda. Mwezi uleule tulimbeba mama mgonjwa kwa machela, njia ya mlimani, tangu alfajiri hadi jioni, kwa sababu boti haipo. Nilishika mti mmoja wa machela. Kila alipoguna nilijua ni mimi. Tulipomfikisha salama, sikurudi na wenzangu. Nikaendelea hadi Kitai, mbali na ziwa, nikalima kwa vibarua miaka mitatu. Hata maji ya kwenye beseni sikupenda kuyatazama.

Kisha ikaja barua. Aliyeandika alikuwa mtumishi wa kituo cha simu ya upepo, mtu wa Tabora, hatujawahi kuonana. "Ndugu, jioni ile nilikusikia hadi maji yalipoikata sauti yako. Hukunisikia. Njoo unisikie."

Nikashuka ziwani.

"Shikamoo," nikamwambia pale mlangoni.

"Marahaba. Kumbe ndiwe mtu wa karabai! Keti. Bonyeza. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Ukibonyeza unasema, husikii. Ukikawia hapo, unawazibia na wengine njia. Sema kwa ufupi, maliza na 'ova', yaani zamu yako, achia."

Nikaachia. Ndugu zangu, kile chumba kidogo kikajaa watu! Nahodha wa mbali akiulizia upepo, mwingine akimpasha habari za mawimbi, mwingine akicheka. Sauti zimevuka maji yote yale bila waya. Nikalia kama mtoto. Hata jioni yangu, akaniambia, sauti zilikuwepo, zikiniambia geuza kulia, geuza kulia. Kidole changu ndicho kilichozifungia nje.

Giza lilipoingia akanikalisha nje juu ya jiwe. "Unaona nini kule?"

"Taa nyekundu."

"Basi unaona ubavu wake wa kushoto. Ukiiona hivyo upande wako wa kulia, mpishe wewe. Ukiona ya kijani upande wako wa kushoto, shika njia yako, ila usiache kumtazama. Ukiona zote mbili pamoja, anakujia uso kwa uso. Geukeni kulia nyote."

Nikashika mdomo. Chombo kikubwa kuliko kanisa hili, macho hayakioni, na kijitaa kama kaa la moto kinanieleza kinakoelekea! Kumbe taa nazo zinasema.

Nakishukuru kijiji changu, kilichonikabidhi boti ya pili. Namshukuru yule bibi, aliyekuwa wa kwanza kuipanda. "Nimekuja nikuone ukinyamaza," alisema. Nanyi nawaambia: ukiwa matatani, taja shida yako kwa ufupi, halafu achia kitufe. Huenda anayekuokoa ameshaanza kusema.

Mtu wa Tabora nimemweka mwisho. Siku ya uhamisho wake nilikwenda kumuaga; alikuwa anafunga sanduku, meli ikaita. Akaninyooshea simu. "Jibu wewe."

"Kituo kinakusikia. Ova."

"Sauti hii naijua," nahodha akasema. "Ni nani?"

"Ni yule wa karabai. Ova."

Nikaachia. Mwalimu wangu akachukua sanduku lake, akanigusa bega. Ndipo nahodha akasema, taratibu, "Leo unanisikia?"

Nilimsikia. Nikausikia na mlango, ukifungwa polepole nyuma ya mwalimu wangu.